Uzi maalumu: Kusoma majina ya mahali ya Ayalandi (Bally, Kil, Drum, Nenagh na wenzao)

MchoraRamani

Wakuu, salaam. Maswali kuhusu majina ya Ayalandi yametapakaa kwenye nyuzi nyingi humu: Ballina ni nini, Kildare ina maana gani, kwa nini Dublin ina majina mawili kibaoni. Tuyaweke hapa pamoja ili anayetafuta apate.

Neno la kwanza, na kubwa kuliko yote yatakayofuata: jina unalolikuta kwenye ramani ya Kiingereza ni mwangwi tu wa jina lenyewe. Mwenyeji alitamka kwa Kiayalandi, karani akasikia kwa sikio la Kiingereza, akaandika kwa herufi za kwao. Ukitafsiri mwangwi huo utapotea. Rudi kwanza kwenye umbo la Kiayalandi, ndipo uulize maana.

Tahajia nyingi za leo zilikazwa katika upimaji mkubwa wa ardhi ulioanza 1824 chini ya Thomas Colby. Ramani zilichorwa kwa kipimo cha inchi 6 kwa maili 1, na kaunti zote 32 zilikuwa zimekwisha kufikia 1846. Mtu aliyebeba mzigo wa majina ni Seán Ó Donnabháin, kwa Kiingereza John O'Donovan, aliyeingia kazini 1830. Kila jina lilikuwa na nafasi yake daftarini, na tahajia zote zilizopatikana ziliorodheshwa: kutoka ramani za mashamba makubwa, vitabu vya kodi, mapadri, wenye ardhi. Yeye alizunguka kaunti kwa kaunti akiwasikiliza wazee waliosema Kiayalandi, akaandika umbo la Kiayalandi na maana yake, kisha akapendekeza tahajia ya Kiingereza iliyo karibu na matamshi. Kwenye ramani ikachapishwa ile ya Kiingereza peke yake. Ya Kiayalandi ikabaki daftarini. Ndiyo maana madaftari yale ni hazina mpaka leo.

Mjue pia kipimo cha jina. Majina mengi tunayozungumzia si ya miji. Ni ya vipande vya ardhi vyenye mpaka na jina, Waayalandi huviita *baile fearainn*. Hapa tuviite vitongoji. Viko zaidi ya 60,000 kisiwani kote, wastani wake ekari kama 325. Vingi havina duka wala kanisa: ni mashamba machache, kilima na kijito.

Habari njema kwa msomaji wa Kiswahili ni kwamba mpangilio wa maneno ni kama wetu. Nomino kwanza, sifa au mwenye mali baadaye. *Trá Mhór* (Tramore) ni ufuo mkubwa, *Lios Mór* (Lismore) boma kubwa, *Cill Dara* (Kildare) kanisa la mwaloni. Mwingereza inambidi ageuze kichwa chini miguu juu. Sisi tunasoma moja kwa moja. Ukikuta sifa imetangulia, kama *Dubhlinn* (dubh ni -eusi, linn ni kidimbwi) au *Eochaill* (Youghal, msitu wa miti ya *eo*), mara nyingi umegusa tabaka la zamani zaidi la majina.

---

Kivukoni

Asante mkuu kwa kufungua. Naanza na Bally kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi.

Vitabu vya watalii husema "Bally ni mji". Kosa la kwanza: *baile* katika majina haya ni makazi, mahali pa mtu au ukoo, pamoja na ardhi yake. Maana ya mji imekuja baadaye. Ballymena, *An Baile Meánach*, ni "makazi ya katikati", na ilikuwa hivyo kabla ya kuwa mji.

Kosa la pili ndilo baya zaidi: Bally nyingine si *baile* kabisa. Ziko mbili zinazojificha ndani yake.

Moja ni *béal átha*, yaani mdomo wa kivuko, mahali unapoingia mtoni kuvuka kwa miguu. Ballina ya kaunti ya Mayo ni *Béal an Átha*. Ballinasloe ni *Béal Átha na Sluaighe*, mdomo wa kivuko cha majeshi au makundi ya watu. Ballyshannon ni *Béal Átha Seanaidh*, na kumbukumbu za kale huitaja kama Áth Seanaigh bila "baile" yoyote. Ballybay ni *Béal Átha Beithe*. *Beith* ni mti wenye gome jeupe unaoota sana maeneo ya baridi.

Ya pili ni *bealach*, njia au pito kati ya vilima. Ballybofey ni *Bealach Féich*, pito la Fiach. Ballaghaderreen ni *Bealach an Doirín*, njia ya kijisitu cha mialoni.

Unavitofautishaje? Tazama tahajia za karne ya 16 na 17. Zikianza na Bel-, Bella- au Beala-, shuku *béal átha*. Kisha tazama ramani: kama hapana mto, kivuko hakiwezi kuwepo, turudi kwa *baile*. Mto peke yake hautoshi kuthibitisha, kwa sababu Ayalandi mito iko kila mahali. Unahitaji vyote viwili.

---

Mpima Mipaka

Naongeza Kil, maana ni mtego uleule.

*Cill* ni kanisa dogo la kale, mara nyingi chumba cha mtawa na makaburi yake. *Coill* ni msitu. Kwa sikio la Kiingereza zote zikawa Kil. Kilkenny ni *Cill Chainnigh*, kanisa la Cainneach, mtakatifu. Lakini Kiltimagh ya Mayo ni *Coillte Mach*. Hapo *coillte* ni misitu, wingi wa *coill*. Kilnamanagh iko Dublin na iko Tipperary: ya Dublin ni *Cill na Manach*, kanisa la watawa, ile baroni (mgawo wa zamani wa kaunti) ya Tipperary ni *Coill na Manach*, msitu wa watawa. Tahajia ileile ya Kiingereza, maana mbili.

Watu hupenda kanuni ya haraka: "likifuatwa na mti ni msitu, likifuatwa na jina la mtu ni kanisa." Nusu ya pili inafaa. Nusu ya kwanza itakudanganya. Kildare ni kanisa la mwaloni. Killarney ni *Cill Airne*, kanisa la vitunda vyeusi vichachu vya porini. Kilcullen ni *Cill Chuillinn*, kanisa la mti wa majani yenye miiba. Makanisa ya kale yalipewa sana majina ya miti iliyosimama kando yake.

Kinachosaidia kweli ni ardhi. Kwenye ramani ya inchi 6 tafuta gofu la kanisa, makaburi ya zamani, kisima kitakatifu (*tobar*, kwenye majina Tober au Tubber), au uzio wa duara. Ukikuta kimojawapo, *cill* inapata nguvu. Usipokuta chochote, na tahajia za zamani zinasema Kyle au Cuill, elekea *coill*. Kylemore ya Galway ni msitu mkubwa.

Halafu kuna ya tatu, adimu: Killary, lile ghuba refu kati ya Galway na Mayo, ni *An Caoláire*, kutoka *caol*, -embamba. Hapo hamna kanisa wala msitu.

---

tumbatu_82

Wakuu, uzi mzuri. Swali: Nenagh kwa Kiayalandi naona ni *An tAonach*. Newry ni *An tIúr*. Ile N ya Kiingereza imetoka wapi? Na kuna watu wanaandika kwamba Nobber ni jina la mtu. Ni kweli?

---

Bi Nahau

tumbatu_82, hili ni swali zuri kuliko unavyodhani, kwa hiyo vumilia jibu refu.

Kiayalandi kina kiambishi cha kubainisha, *an*, kinachotangulia nomino. Neno likianza na irabu, ile n ya *an* husikika kama mwanzo wa neno lenyewe. Mwingereza akakata mahali pasipo. *Aonach* ni gulio, mkusanyiko wa soko. Katika sentensi kama "kutoka gulioni" au "gulioni", ile t huwa haipo, inasikika *an Aonach*, na hapo N ikagandamana: Nenagh. *Iúr* ni mti wa kijani mwaka mzima wenye mbegu za sumu. *An Iúr* ikawa Newry. *An Aill*, mwamba mkali, ikawa Naul. Navan Fort kule Armagh ni *Eamhain*, makao ya kale ya wafalme wa Ulster, na N yake ni ileile. Na Nobber ya Meath si jina la mtu: ni *An Obair*, "kazi", yaani kazi ya ujenzi, inayohusishwa na ngome ya Wanormani.

Mto Nore ni mfano mzuri kuliko yote. Jina ni *An Fheoir*. Herufi fh katika Kiayalandi haitamkwi kabisa. Kwa hiyo unachosikia ni "an-eoir", na Mwingereza akaandika Nore. Jina zima limebaki n ya kiambishi, irabu chache na r.

Sasa tuingie ndani. Sisi tumezoea neno kubadilika mbele: ubavu, mbavu, ulimi, ndimi. Kiayalandi hufanya karibu hivyohivyo. Baada ya *na* ya umilikaji wa wingi, b huwa mb, d huwa nd, g huwa ng, c huwa gc, t huwa dt, p huwa bp, f huwa bhf. Tofauti ni kwamba sisi tunatamka m na b zote, wao hutamka ile ya kwanza tu. Ya pili inabaki kwenye maandishi ili ujue mzizi.

Angalia matokeo yake. *Sliabh na mBan*, mlima wa wanawake, Tipperary: b imenyamaza, Kiingereza kikapata Slievenamon. Ukitafuta neno "mon" katika kamusi ya Kiayalandi hutalipata. Mzizi ni *bean*, mwanamke. *Carraig na bhFear*, mwamba wa wanaume, Cork: bhf hutamkwa kama v au w, ikawa Carrignavar. Mzizi ni *fear*, mwanamume. *Dún na nGall*, ngome ya wageni, ikawa Donegal. Wageni hao ni Waviking.

Kuna pia t inayofunika s. *Sagart* ni padri. "Wa padri" ni *an tSagairt*, na s haitamkwi. Ndiyo maana Ballintaggart ni *Baile an tSagairt*, makazi ya padri. Ukiona "taggart" katikati ya jina, usitafute T kwenye kamusi, tafuta S.

La mwisho, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kiayalandi cha kale kilikuwa na jinsi tatu za nomino. Ile ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike, imekufa zamani. Nomino za jinsi hiyo zilikuwa zinaongeza n au kugeuza konsonanti ya neno linalofuata. Jinsi ikafa, lakini majina ya mahali yakaihifadhi. *Loch* lilikuwa la jinsi hiyo. Ziwa la Eochu likawa *Loch nEathach*, kwa Kiingereza Lough Neagh. N si ya mtu, ni ya ziwa. *Muileann*, kinu cha kusagia, nacho kilikuwa hivyo: *An Muileann gCearr*, kinu kinachozunguka kombo, ni mji wa Mullingar. Ile g inayofunika c haina sababu katika sarufi ya leo. Ni kisukuku cha sarufi iliyokufa, na watu wanaipita kila siku kwenye kibao cha barabarani.

---

tumbatu_82

Bi Nahau, shikamoo. Nimeelewa. Kwa hiyo nikiona N, M, V au T mahali pa ajabu, nishuku kwanza sarufi.

---

Bi Nahau

Marahaba. Ndiyo, hasa baada ya -na- na -in-. Ila si kila mara. Machaire (uwanda), muc (nguruwe) na mór (-kubwa) zina M yao halali.

---

Mwana wa Mwambao

Wakuu, msisahau kwamba si kila jina la Ayalandi ni la Kiayalandi. Pwani nzima ya mashariki na kusini ina majina ya Waviking, na hapo kibao chenye lugha mbili kinaonyesha majina mawili yasiyohusiana kabisa.

Waterford kwa lugha yao ya Kinosi ni *Veðrafjǫrðr*, mara nyingi huelezwa kuwa hori ya kondoo dume. Kwa Kiayalandi ni *Port Láirge*. Wexford nayo ni hori ya matope. Kiayalandi *Loch Garman*. Wicklow ni malisho ya Waviking, Kiayalandi *Cill Mhantáin*, kanisa la Mantán. Howth ni "kichwa" tu kwa Kinosi, maana ni rasi. Kiayalandi *Binn Éadair*. Ukijaribu kupata "Waterford" kutoka "Port Láirge" kwa kubadilisha sauti utahangaika bure.

Ziko zilizotafsiriwa. Leixlip ni *laxhlaup*, mruko wa samaki samoni. Kiayalandi *Léim an Bhradáin* kinasema jambo lilelile. Dalkey imekwenda upande wa pili: Kiayalandi *Deilginis*, kisiwa cha mwiba, Waviking wakakitafsiri na kuweka *ey* yao ya kisiwa. Celbridge imetafsiriwa nusu: *Cill Droichid*, kanisa la daraja. Cel ikabaki ya Kiayalandi, daraja likawa la Kiingereza.

Na Dublin aliyouliza mtu: *Dubhlinn* ni kidimbwi cheusi kwenye mto Poddle, karibu na unapoingia Liffey, pale ilipo bustani ya Dublin Castle. *Baile Átha Cliath* ni makazi ya kivuko cha majamvi ya fito, fito zilizosukwa na kulazwa matopeni ili watu wavuke. Yalikuwa mahali pawili jirani. Kiingereza kikachukua la kidimbwi, Kiayalandi kikabaki na la kivuko.

Hata majina ya mikoa yana alama hiyo. Ulster, Munster, Leinster: jina la watu wa kale, s ya umilikaji ya Kinosi, na *tír*, nchi, ya Kiayalandi. Connacht haikupata mkia huo.

---

MchoraRamani

Hapo hapo, mkuu, tuweke na majina yaliyobadilishwa kwa amri. Dún Laoghaire iliitwa Kingstown 1821 mfalme George IV alipotembelea, ikarudi 1920. Portlaoise ilikuwa Maryborough hadi 1929. Hiyo Mary ni malkia wa karne ya 16, na Philipstown, sasa Daingean ya Offaly, ni ya mumewe Philip. Derry, *Doire*, msitu wa mialoni, ilipata London mbele kwa hati ya 1613.

Cobh ndiyo inayowadanganya wengi. Iliitwa Queenstown 1849 kwa ajili ya malkia Victoria, kisha ikapewa jina lenye sura ya Kiayalandi. Watu hutafuta maana ya *cobh* kwenye kamusi. Haipo. Ni neno la Kiingereza "cove", ghuba ndogo, limeandikwa kwa tahajia ya Kiayalandi, ambamo bh ni v. Sura ya Kiayalandi pekee haithibitishi chochote.

Swords nayo haina panga: ni *Sord*, kisima safi.

---

Mpima Mipaka

Kuna sheria pia, na inaathiri vibao mnavyoviona. Sehemu kubwa ya Jamhuri ya Ayalandi, Kiayalandi kiko juu kwa herufi za mlalo, Kiingereza chini kwa herufi kubwa. Katika maeneo ya Gaeltacht, ambako Kiayalandi ni lugha ya wenyeji, ni Kiayalandi peke yake. Tume ya majina iliundwa 1946, na Sheria ya Lugha Rasmi ya 2003 ikayapa majina yake nguvu ya kisheria kwa amri za waziri.

Dingle ilionyesha ugumu wake. Amri ikaweka *An Daingean*, ngome, peke yake. Wenyeji wakapinga, kwa sababu mji unaishi kwa watalii wanaoutafuta kwa jina la Dingle, na kwa sababu kuna Daingean nyingine Offaly. Kwenye kura ya 2006, karatasi 1,005 kati ya 1,086 zilizorudishwa zilitaka jina la lugha mbili. Sheria ya 2011 ikamaliza jambo: Dingle kwa Kiingereza, *Daingean Uí Chúis* kwa Kiayalandi, ngome ya ukoo wa Ó Cúis. Wataalamu walikuwa na haki kuhusu lugha, lakini kwangu mimi jina lina wenyewe, na wenyewe lazima waulizwe mapema.

---

kasuku_wa_bara

Naomba mwongozo wa kazi yenyewe. Nikipewa jina moja la kitongoji, nianzie wapi? Na zile hadithi za kale zinazoeleza majina, zinaaminika?

---

Kivukoni

Nianze na hadithi. *Dinnseanchas* ni elimu ya kale ya majina, imo katika miswada kama Kitabu cha Leinster cha karne ya 12. Ni fasihi tukufu, lakini waandishi wake waliunda kisa kutokana na jina. Mfano Athlone, *Áth Luain*: kisa kinasema kiuno cha fahali aliyeshindwa kiliangukia pale kivukoni, maana *luan* hushabihi neno la kiuno. La karibu zaidi na ukweli ni jina la mtu, Luan. Chukua kutoka dinnseanchas tahajia ya jina na ushahidi kwamba lilikuwepo. Maana iache hadi uipime.

Kazi sasa.

Kabla ya kitu chochote, bainisha mahali: kitongoji, parokia ya kiraia, baroni, kaunti. Kilmore ziko nyingi mno. Ukichanganya rekodi za moja na nyingine, kila kitu kinachofuata kinaharibika. Parokia ya kiraia si sawa na parokia ya Kikatoliki ya leo. Hapa ndipo wengi wanapokosea mwanzoni.

Kisha fungua logainm.ie, hifadhi rasmi ya majina ya nchi nzima. Kwa majina mengi utapata umbo la Kiayalandi na kadi za watafiti zenye tahajia za zamani, na kwa baadhi hata sauti. Kwa kaunti sita za kaskazini tumia pia kazi ya mradi wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, ulioanza 1987.

Panga tahajia kwa miaka, ya zamani juu. Kwa makanisa, kodi ya Papa ya mwanzo wa karne ya 14. Kwa karne ya 16, hati za ardhi za utawala wa Tudor, ukoo wa wafalme wa Uingereza. Kwa karne ya 17, Civil Survey ya 1654–56 na Down Survey ya William Petty iliyofuata mara moja, zote kumbukumbu za ardhi na wenye ardhi. Kisha madaftari ya Ó Donnabháin, kisha Griffith's Valuation ya 1847–64, orodha ya thamani ya ardhi na majengo. Usidharau tahajia mbaya ya karani wa 1655: alisikia Kiayalandi kikisemwa pale pale. Lakini jihadhari na mwandiko. Katika hati hizo s ndefu hufanana na f, u hufanana na n, na c hufanana na t. Jina moja likikupa F mara moja tu kati ya tahajia kumi, huenda ni s iliyosomwa vibaya.

---

Bi Nahau

Kabla hujaendelea, Kivukoni, mkazo wa sauti. Sisi tunaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, na tunayasoma majina haya hivyo. Kwao mkazo huangukia sehemu inayobainisha: Kil-DARE, Bally-SHAN-non, Drum-CON-dra. Ikiwa wenyeji wanakaza silabi ya kwanza, kama SLI-go, basi pengine ni neno moja lenye kiambishi tamati: *Sligeach*, mahali penye makombe ya baharini. Kwa hiyo tafuta matamshi ya wazee wa pale pale. Tahajia ya ramani haitakuambia mkazo.

Lafudhi pia. Munster -aigh mwishoni hutamkwa -ig, ndiyo maana *Baile an Chollaigh* ni Ballincollig. Kaskazini *cnoc*, kilima, husemwa "croc", kwa hiyo Crock- badala ya Knock-.

Na alama ya urefu, *fada*, usiiache. *Baile Sheáin* ni makazi ya Seán. *An Seanbhaile*, Shanbally, ni makazi ya zamani. *Sean* ni -kuukuu, *Seán* ni mtu.

---

Kivukoni

Sahihi kabisa. Hatua inayobaki ni kulipima jina na ardhi. Ayalandi hutumia mwili kama sisi tunavyosema mgongo wa mlima na mdomo wa mto. *Droim* ni mgongo: ukiona Drum, tarajia tuta refu. *Ceann* ni kichwa: Kinsale, *Cionn tSáile*, kichwa cha maji ya chumvi, pale bahari inapoishia. *Tóin* ni makalio: Tandragee, *Tóin re Gaoith*, makalio kwa upepo, kilima kilichoupa upepo mgongo. *Lios* na *ráth* ni maboma ya duara ya udongo, na mabaki ya maboma ya aina hii ni zaidi ya 40,000, kwa hiyo Lis na Rath mara nyingi utazithibitisha kwa picha ya angani. *Ros* pwani ni rasi (Rosslare), bara ni msitu (Roscommon). Owen mwanzoni ni *abhainn*, mto. Mwishoni, kama Inishowen na Tyrone, ni mtu, Eoghan.

---

kasuku_wa_bara

Nimepata. Basi nipeni mmoja tuufanye hapa: Carrickmacross, Monaghan. Naona "mwamba wa Mac Ross", mwana wa Ross.

---

MchoraRamani

Ndivyo ramani inavyokuvuta, mkuu. Fuata hatua ya kwanza ya Kivukoni. Mji uko kaunti ya Monaghan, baroni ya Farney, parokia ya kiraia ya Magheross. Simama hapo. Maghera- ni *machaire*, uwanda. Parokia ni *Machaire Rois*. *Ros* hapa ni bara, kwa hiyo ni msitu: uwanda wa msitu.

Sasa weka *carraig*, mwamba, mbele. *Machaire* inalainika kuwa *mhachaire*, ingawa Kiingereza kilibaki na m, na irabu zinamezwa kwa sababu mkazo uko mwisho. Mwingereza anasikia kitu kama "carrick-ma-cross" na sikio lake linakamilisha Mac, maana Mac analijua. Umbo rasmi ni *Carraig Mhachaire Rois*, mwamba wa Machaire Rois. Hakuna Mac, hakuna mtu aitwaye Ross, hakuna msalaba.

Ukitaka la pili la kujipima mwenyewe, chukua Limavady, kaunti ya Londonderry. Dokezo: *madadh* ni mbwa, na L ya mwanzo unaijua tayari kutoka Leixlip kwa Kiayalandi chake.

---

kasuku_wa_bara

*Léim an Mhadaidh*. Mruko wa mbwa. Ile v ni mh.